Kabla hamjawasilisha Native Son

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, wiki hii nimesahihisha kazi zenu kuhusu Native Son, riwaya ya Richard Wright iliyotoka mwaka 1940, na karibu kila karatasi imefunguliwa kwa sentensi ile ile: “Dhamira kuu ni ubaguzi wa rangi.” Sentensi hiyo haina kosa, ila haina kazi pia. Tuliwahi kuiandika na sisi.

1. Acheni muhtasari, anayesahihisha ameisoma riwaya.

2. Kabla ya mauaji, someni kodi. Bigger Thomas, mama yake na wadogo zake wawili wanalala katika chumba kimoja chenye panya, Upande wa Kusini wa Chicago, kwa dola 8 kwa wiki, na kampuni inayomiliki jengo hilo iko mikononi mwa Bwana Dalton, yule yule anayempa Bigger kazi ya udereva na kuwagawia vijana Weusi meza za tenisi ya mezani. Wakili Max, anayemtetea Bigger, anapomhoji Dalton kwa nini hawapangishi Weusi mitaa mingine, mzee anajibu kwamba anadhani wanafurahi zaidi wakiwa pamoja.

3. Hofu haianzii chumbani kwa Mary, binti wa Dalton ambaye Bigger anamuua. Inaanzia kwenye ukumbi wa biliadi, Bigger anapomtolea rafiki yake Gus kisu ili mpango wao wa kumwibia Blum, mwenye duka ambaye ni Mzungu, uvurugike bila yeye kukiri kwamba anaogopa. Hadi siku hiyo walikuwa wakiwaibia Weusi wenzao tu, kwa kuwa walijua polisi hawatajisumbua.

4. Hesabuni maiti. Hapa ndipo nilipoumbuka. Katika semina yangu ya kwanza nilizungumza dakika 20 juu ya kifo cha Mary Dalton: mto usoni, mama kipofu aliyesimama mlangoni, na Bigger anayemkandamiza binti asitoe sauti kwa sababu kijana Mweusi kukutwa usiku chumbani kwa msichana wa Kizungu ni hukumu tosha. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Dada mmoja wa kiti cha nyuma akauliza, “Na Bessie?” Nami, kwa kujiamini kusiko na haya, nikajibu, “Huyo si mdogo wake Bigger?” Akasema taratibu, “Mdogo wake ni Vera.” Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Usiku nilifungua nakala yangu: kurasa za Mary zilikuwa zimejaa mistari ya kalamu nyekundu, na zile ambamo Bigger anamponda Bessie, mpenzi wake Mweusi, kwa tofali akiwa usingizini zilikuwa safi, hazina hata nukta. Nikasoma hadi kwenye uchunguzi wa kifo cha Mary, maiti ya Bessie inapoingizwa kwa kitanda cha magurudumu iwe kielelezo tu cha kesi ya mwenzake, na Bigger mwenyewe anatambua kwamba hawatamuua kwa ajili ya Bessie. Kalamu yangu ilikuwa imekwisha kukubaliana na mahakama ile.

5. Andikeni namba za kurasa.

Karatasi zenu 31 ziko mezani pangu. Bessie ametajwa katika 4, na katika moja kati ya hizo ameitwa Vera.