Mawe makavu ya tenki la maji chumvi: usidanganyike na weupe wake

Juzi mdogo wangu mmoja wa hapa hapa Dodoma kanitumia meseji: "Dada, mawe yamefika na SGR kutoka Dar, meupe safi kabisa, leo nayaweka majini, kesho kutwa nafuata samaki." Nilimpigia hapo hapo, chakula nikakiacha mezani, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka juzi na mpaka leo yananiuma.

Tenki langu lilikuwa la lita 120, nikapata kilo 12 za mawe makavu ya matumbawe. Makavu kweli, ukiyagonga yanalia kama kigae. Nikayasuuza bombani, nikayapanga kama pango, nikatia maji na chumvi, siku ya nne nikaweka klaunfishi wawili, wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari meupe. Siku ya sita sebule inanuka kama ndoo ya samaki iliyosahaulika juani. Nikapima amonia, ile sumu inayotoka kwenye uozo, ile rangi inayotakiwa ibaki njano ikageuka kijani naiona hivi hivi. Samaki wako juu wanahema haraka haraka, nikabadilisha maji mara mbili usiku ule, asubuhi wote wamelala chini. Mwanangu ndo aliwaona kwanza. Halafu kuna ndugu akaniambia, "samaki wa bahari Dodoma, ulitegemea nini?" Sijalisahau neno lile.

Baada ya kulia nikachukua bisibisi nikachokoa tundu moja la jiwe. Kikatoka kitu cha kahawia kimekauka, kinamung'unyika mkononi, ndo sponji huyo, kiumbe wa baharini anayeishi kwenye mawe, na nyuma yake vigamba vya konokono wadogo. Vyote vilifia mle ndani. Ukivirudisha majini vinaanza kuoza upya vinatoa amonia, na fosfeti, ambayo ni mbolea kwa mwani, nayo inavuja taratibu wiki hadi wiki mpaka mwani unafunika kila kitu. Jiwe kuwa jeupe nje haina maana ndani ni safi, jamani.

Mara ya pili sikuwa na haraka. Nilichokoa kila tundu, nikasugua kwa brashi ngumu, nikaloweka kwenye jiki, kipimo kimoja kwa kumi ya maji, siku tatu. Nikasuuza, nikaloweka maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini, nikaanika. Hapa sisi wa Dodoma tumebarikiwa, jua la Agosti halina mchezo, ila funika na kitambaa chepesi maana vumbi letu mnalijua. Usitie majini mpaka unuse usikie hakuna harufu ya jiki kabisa. Wengine wanatumia asidi kula tabaka la juu, mimi nina watoto siitaki nyumbani, na we usije ukakutanisha asidi na jiki, inatoka gesi ya klorini na inaua mtu.

Kisha pipa, la kuyakalisha mawe kabla ya kuingia kwenye tenki. Maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka madini yakatoka, siyo ya bomba, maji yetu yana madini mengi, angalia tu birika lako lilivyo ndani. Chumvi ya akwariamu kama gramu 35 kwa lita, pampu ya kuzungusha maji, hita nyuzi 25 au 26 maana usiku wa Julai hapa ni baridi, na mfuniko ili mwanga usiingie mwani ukaota. Nikaweka bakteria wa chupa, wale wanaokula amonia, na amonia kidogo wapate chakula. Wiki ya pili fosfeti ikapanda, nikamwaga maji yote nikaanza upya, na roho iliniuma kwa bei ya chumvi ilivyo, lakini nikamwaga. Wiki nane. Nikitia amonia jioni, kesho yake jioni ni sifuri, na naitraiti, ile sumu nyingine inayotokea bakteria wakila amonia, nayo sifuri.

Leo klaunfishi wangu wana mwaka na miezi na wanataga mayai pembeni ya jiwe lile lile. Nasema kwa kujivunia kabisa. Tuache kutaka vya fasta, ndugu zangu, kiumbe hawezi kukuambia maji yanamchoma, wewe ndo wa kupima. Pima. Subiri. Ukidhani imetosha pima tena.

Mdogo wangu ameshanunua pipa. Jana usiku kanitumia picha ya bisibisi na rundo la uchafu wa kahawia kwenye gazeti, kaandika tu, "Dada, hili ni jiwe moja."