Timu ya ridhaa iliyocheza uwanja wa taifa

Uliyeuliza kama kuna timu ya ridhaa (ya wachezaji wasiolipwa) Uskoti yenye historia ya maana: ilikuwepo hadi 2019, Queen's Park ya Glasgow. Usiichanganye na QPR (Queens Park Rangers) ya London.

Ilianzishwa Julai 1867, na hakuna klabu kongwe kuliko hiyo Uskoti. Mechi ya kwanza ya kimataifa, Novemba 30, 1872, Uskoti na Uingereza zikatoka 0-0, na wachezaji wote 11 wa Uskoti walitoka klabu hii. Hata ile jezi ya bluu ya Uskoti ilikuwa yao. Milia nyeusi na nyeupe waliianza baadaye. Kombe la Uskoti wamelibeba mara 10, la mwisho 1893, na fainali mbili za Kombe la FA, 1884 na 1885, wakafungwa zote na Blackburn Rovers. Mmoja wa mabeki wao, Andrew Watson, mzaliwa wa Guyana, alikuwa nahodha mweusi wa Uskoti iliyoichapa Uingereza 6-1 jijini London mwaka 1881. Hili halisemwi vya kutosha.

Mishahara ilipoingia kwenye soka wao wakakataa kulipa wachezaji, klabu kubwa zikawapita. Hampden Park, uwanja wa taifa wa Uskoti, lakini, ilikuwa mali yao! Timu ya daraja la chini ikawa inacheza mbele ya maelfu ya viti vitupu. Andy Robertson, beki aliyekuja kuwa nahodha wa Uskoti, alianzia soka la wakubwa hapo kabla ya kwenda klabu ya Dundee United. Mwaka 2019 wanachama wakapiga kura kuachana na uridhaa, na uwanja wakauuza kwa chama cha soka cha Uskoti, mauzo yakakamilika 2020.