Namba ya soshal ukiwa na viza ya F-1: tafuta kazi kwanza, ofisini utaenda baadaye

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nane meseji ni zile zile kutoka kwa wadogo zangu wanaokuja kusoma Marekani kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, kaka nimeshafika, hiyo soshal (Social Security Number, namba ya serikali ya huku) naipataje na naenda lini. Naandika hapa yote ili nisisahau kumwambia mtu kitu, maana mimi mwenyewe hakuna aliyeniambia.

Sisi Tanzania tumezoea NIDA, kitambulisho cha taifa, ukifika miaka 18 namba ni haki yako kwa sababu wewe ni raia, unabeba cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa unaenda kujiandikisha. Nikadhani na huku ni hivyo hivyo, siku ya nne tu tangu nishuke kwenye ndege nikapanda mabasi mawili hadi ofisi ya soshal, nikakaa kwenye foleni karibu masaa matatu, nafika dirishani yule mama kafungua pasipoti, kaangalia viza, kaniuliza barua ya mwajiri iko wapi. Sina. Akanirudishia makaratasi yangu yote na siku ikawa imeisha hivyo. Hii namba ya tarakimu 9 kwa mgeni wa F-1 inatolewa kwa ajili ya mshahara, serikali ijue nani kalipwa nini. Kama huna kazi huna sababu ya kupewa, hata ulie.

Kwa hiyo anza na kazi ya hapo hapo chuoni, maktaba, kantini, maabara, popote, na kumbuka masomo yakiwa yanaendelea mwisho ni masaa 20 kwa wiki. Ukishapata mwombe bosi akuandikie barua inayosema kazi gani, unaanza lini, masaa mangapi, jina lake na simu yake, na awe ameisaini. Na tarehe ya kuanza kazi isiwe mbele zaidi ya siku 30 kutoka siku unayoenda kuomba, hapo wengi wanarudishwa. Hiyo barua unaipeleka ofisi ya wanafunzi wa kigeni, nao wanakupa ya kwao. Halafu pasipoti yenye viza, I-20 (fomu uliyopewa na chuo), I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini) uliyoiprinti kwenye mtandao, na SS-5, fomu yenyewe ya kuombea soshal. Beba orijino, kopi hawazitaki. Na ni bure kabisa, mtu akikuomba hela akusaidie kuipata huyo ni tapeli. Usikimbilie wiki ya kwanza, jiripoti chuoni kwanza, kisha subiri kama siku 10 tangu uingie nchini ili taarifa zako ziwe zimeingia kwenye mfumo wao, maana ukiwahi wanakosa kukuona na maombi yanakwama huko yanahakikiwa.

Kwenye kujaza fomu naomba utulie. Huku mwezi unatangulia siku. Kama umezaliwa tarehe 5 mwezi wa 9 ukaandika 05/09, umeshakuwa mtu wa mwezi wa tano, na mtu akizaliwa tarehe 20 kosa linaonekana haraka lakini wa tarehe 5 linaweza kupita mpaka kwenye kumbukumbu zao. Majina pia, tunayo matatu, na pasipoti inayagawa yenyewe lipi la ukoo na yapi mengine, sasa wewe fuata pasipoti herufi kwa herufi na uhakikishe I-20 na I-94 zinasema vile vile. Kwa mama wanataka jina alilozaliwa nalo, sio la mume, wengine inabidi wapige simu nyumbani kuuliza, fanya hivyo kabla hujaenda.

Kadi inakuja kwa posta, mara nyingi kama wiki mbili. Sasa sikiliza, nyumba tuliyopanga tulikuwa wanne na kwenye boksi la barua lilikuwepo jina la mtu mmoja tu, kadi yangu ikarudishwa ilikotoka na mimi nipo ndani nasubiri! Chukua karatasi andika jina lako ubandike kwenye boksi siku hiyo hiyo unayohamia.

Ukiwa unasubiri, kazi unaweza kuanza kama chuo kimekuruhusu, mwambie tu mtu wa mishahara kwamba umeshaomba. Benki nyingi zinafungua akaunti kwa pasipoti, na simu nunua laini ya kulipia kabla, usikubali mtu akutishe kwamba bila soshal huwezi kuishi.

Ikishafika ihifadhi nyumbani, usitembee nayo kwenye waleti. Na kuna watu watakupigia wakisema ni wa serikali, namba yako imetumika kwenye uhalifu, nunua kadi za zawadi uwasomee namba za nyuma la sivyo unakamatwa leo. Dada mmoja tuliyekuwa tunaishi naye alikuwa ameshafika dukani, analia, ndio tukamuwahi. Ofisi ya soshal haitishii mtu kukamatwa kwa simu. Kata hiyo simu, hata kama anakutajia tarakimu zako 4 za mwisho na zote ni sahihi.