Keekee za Rangi ya Dhahabu, Miwani na Pakiti za Krispi

Swali: Nina karakana ndogo ya leithi, mashine ya kuchongea chuma kinachozunguka, katika Eneo la Viwanda, Nairobi. Nilinunua keekee za rangi ya dhahabu kwa bei ya juu kuliko zile nyeusi. Mwanzoni zilitoboa vizuri sana, lakini baada ya kuzinoa sikuona tofauti. Rangi hiyo ni ya nini hasa? Nitumie utando upi kwa stenlesi na kwa aluminiamu? Tena binti yangu ameambiwa kwamba miwani yake ina utando. Je, ni kitu kilekile?

Jibu: Ndugu msomaji, hiyo si dhahabu wala si rangi ya kupakwa kwa brashi. Ikiwa keekee zako ni za kweli, huo ni utando wa titaniamu naitraidi, ambao ni kauri ngumu yenye unene wa mikromita 1 hadi 5, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikromita 70. Keekee huingizwa ndani ya tangi lililonyonywa hewa, hupashwa moto hadi karibu nyuzi 450 za Selsiasi, kisha titaniamu hugeuzwa mvuke kwa nguvu ya umeme huku naitrojeni ikiingizwa kidogo kidogo, nazo huungana juu ya chuma na kukijengea ngozi mpya. Kiwango hicho cha joto kina sababu yake: chuma cha kasi, kile cha keekee nzuri ambacho mafundi hukiita HSS, huanza kupoteza ugumu kikipita takriban nyuzi 550. Njia nyingine, ya gesi zinazoungana kwenye nyuzi zipatazo 1000, huachiwa vipande vya kukatia vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, ambavyo huvumilia joto hilo.

Kwa kipimo cha Vickers, utando huo una ugumu wa zaidi ya 2000, na chuma cha kasi chenyewe kati ya 800 na 900. Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida yake kubwa kwa fundi ni utelezi, kwa kuwa vipande vya chuma vinavyokatwa hupita kwenye mkondo wa keekee, yaani mfereji unaoizunguka, bila kunata.

Unaponoa, jiwe huondoa utando wote kwenye uso wa ncha, na kuanzia hapo ncha husuguana na chuma kinachotobolewa ikiwa uchi. Lakini utando wa ndani ya mikondo hubaki, kwa hiyo keekee halisi iliyonolewa vyema bado huishinda ile isiyo na utando, ingawa si kama ilipokuwa mpya. Ikiwa kweli huoni tofauti yoyote, ninashuku chuma kilicho chini. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa seti inayong'aa kama bangili, na jiwe la kunolea likaniumbulia siri: cheche zilitoka nyeupe, nyingi, zikipasuka kama fataki, ambayo ni alama ya chuma cha kaboni. Chuma cha kasi hutoa cheche chache, nyekundu zilizofifia. Chuma cha kaboni kikigeuka buluu wakati wa kunoa, ugumu umekwisha, na utando juu yake ni ganda la yai juu ya uji.

Kwa stenlesi, tafuta titaniamu aluminiamu naitraidi, yenye rangi ya zambarau inayokaribia nyeusi. Ule wa dhahabu huanza kuharibiwa na oksijeni kwenye nyuzi 500 hadi 600, ilhali huu hustahimili karibu nyuzi 800, kwa sababu aluminiamu iliyomo hujitengenezea ngao ya oksidi. Punguza kasi, kandamiza bila kusita, na tumia mafuta ya kukatia, maana stenlesi huzidi kuwa ngumu keekee inaposugua bila kukata.

Usiupeleke utando huohuo kwenye aluminiamu, kwani aluminiamu hupenda kuunatia. Keekee tupu yenye mikondo iliyong'arishwa inatosha. Utando wa kaboni inayofanana na almasi ni bora zaidi, lakini ni ghali.

Sasa miwani. Tangi la ombwe, lile lililonyonywa hewa, ni lilelile, kazi ni nyingine kabisa. Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso; tabaka moja la magnesiamu floridi lenye unene wa nanomita 100 hivi hupunguza kiasi hicho hadi karibu asilimia 1.5, kwa kuwa mawimbi ya mwanga yanayorudi kutoka juu na chini ya utando huuana. Rangi unazoziona mafuta ya gari yanapoelea kwenye dimbwi la mvua hutokana na kanuni iyo hiyo, na buluu ya paneli nyingi za sola pia. Skrini ya simu, kwa upande wake, ina utando wa oksidi ya indiamu na bati, unaopitisha umeme bila kuzuia mwanga.

Hata ndani ya pakiti ya krispi kuna utando: ni aluminiamu ya makumi machache tu ya nanomita, inayozuia oksijeni na unyevu. Tafuta sehemu isiyochapishwa, iweke mbele ya tochi ya simu, na huenda ukaiona taa kwa mbali.

Mwambie binti yako asifute miwani kavu kwa shati, bali aisuuze kwanza kwa maji, maana vumbi la Nairobi hukwaruza. Asiiache pia ndani ya gari lililoegeshwa juani: lenzi ya plastiki hutanuka kuliko utando wake, nao hupasuka nyufa ndogondogo ambazo hakuna fundi wa miwani awezaye kuziziba.