Kwa mnaoanza kuandika programu ndani ya laini ya simu

Wadogo zangu mnaokuja kujifunza kazi hii hapa Ngamiani, Tanga, karibu wote huanza na swali moja: kwa nini nihangaike na laini wakati naweza kutengeneza programu ya simu janja? Nendeni soko la samaki la Deep Sea alfajiri, samaki wanaposhushwa, mtazame simu zilizo mikononi mwa wachuuzi. Nyingi ni vitochi, vingine vimefungwa mpira, magamba yameganda kwenye vibonyezo. Kwenye simu hizo huna mahali pa kusakinisha programu yako. Lakini ndani yake mna laini, na laini ni kompyuta: ina prosesa yake, ina kumbukumbu yake, na siku hizi nyingi zinaendesha Java Card, yaani Java ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi. Ukiweka programu humo, kitochi kinapata menyu mpya bila chenyewe kuguswa.

Wenzetu wa Kenya walipoanza M-Pesa mwezi Machi 2007, menyu yake ilikaa kwenye laini namna hiyohiyo. Sisi huku Tanzania tumezoea kupiga *150*00# kufungua M-Pesa, na hicho ni kitu kingine. Pale kila hatua unaongea na mtandao papo kwa papo, ukichelewa kujibu inakatika. Menyu ya laini inafunguka hata pasipo mtandao. Mtandao unahitajika mwishoni tu, SMS inapoondoka. Kwa mtu anayepima samaki huku akivutana bei, tofauti hiyo anaiona.

Kabla hujaandika mstari hata mmoja, shika hili: laini haianzishi mazungumzo. Simu ndiyo inayouliza, laini inajibu. Ikijibu na mambo ni shwari, inamaliza kwa namba 9000, yaani sawa. Ikiwa na neno la ziada, badala ya 9000 inatoa 91 ikifuatiwa na urefu wa neno hilo. Hiyo ndiyo hodi yake. Simu ikiwa tayari inatuma amri ya FETCH, yaani karibu, ndipo laini inaeleza shida yake: onyesha maneno haya, muulize mtumiaji kilo ngapi, tuma SMS hii. Simu inatekeleza, kisha inarudisha taarifa ya jinsi mambo yalivyokwenda, inayoitwa TERMINAL RESPONSE. Taarifa hiyo ndiyo wanafunzi wengi hawaisomi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Programu yangu ya kwanza ya kweli ilikuwa ya kikundi cha wachuuzi wa samaki. Mtu anachagua aina ya samaki, anaandika kilo, anaandika bei, SMS inakwenda kwenye daftari la kikundi. Kampuni ya simu ilitupatia laini chache za majaribio. Mezani kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya tatu mzee mmoja alinijia na daftari: limeandikwa kilo 40 za samaki aina ya changu ambazo hakuziuza. Nikamwomba anionyeshe alivyofanya. Alichagua changu, sanduku la kilo likatokea, mteja akamwita, akabonyeza kitufe cha kurudi. Basi. Simu ilikuwa imeniambia ukweli: taarifa yake ilibeba namba 11, maana yake mtumiaji amerudi nyuma. Sikuisoma. Programu ikaenda moja kwa moja kuchukua namba kwenye kumbukumbu, na humo zilikuwamo kilo 40 za mauzo ya jana yake. Niliumia sana, kwa sababu mzee yule alishaanza kuulizwa na wenzake hela ziko wapi.

Tangu hapo kazi yoyote naianza na majibu mabaya. 00 ni sawa. 10 ni mtumiaji amefunga kabisa. 11 amerudi. 12 hakujibu, muda umekwisha. Andika njia ya kila moja kabla ya ile njia nzuri, na futa kumbukumbu ya muda kila unapoanza upya.

Tena msidhani simu zote zinajua kila kitu. Inapowashwa, simu huiambia laini mambo inayoyaweza, kwa mlolongo wa baiti uitwao TERMINAL PROFILE. Kila biti ni uwezo mmoja. Usome. Na kwenye simu janja menyu yako haitakaa mbele: Android inaiweka ndani ya aikoni ya SIM Toolkit, iPhone inaificha kwenye mipangilio. Mfundishe mtumiaji mahali ilipo.

Kumbukumbu ndiyo iliyonifunza adabu. Mtu aliyetoka kwenye Java ya kompyuta anaandika new, neno la kutengeneza kitu kipya kwenye kumbukumbu, popote anapotaka. Kwenye laini nyingi hakuna anayefagia nyuma yako. Ulichokitengeneza kinabaki pale hata simu ikizimwa. Mimi nilitengeneza safu ya baiti 140 kila menyu ilipofunguliwa. Laini ilikuwa na nafasi ya kama kilobaiti 12. Pigeni hesabu: hata mara 90 hazifiki, imejaa. Sasa natengeneza kila kitu mara moja tu, programu inaposakinishwa, na vitu vya kupita naviweka kwenye safu za muda zinazokaa RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Hapo unaokoa pia uhai wa chipu, kwa kuwa EEPROM, ile kumbukumbu ya kudumu, ina kikomo cha kuandikwa; usiweke kihesabio kinachoandikwa kila sekunde mahali palepale.

Kuna na herufi. Kiswahili kina bahati: herufi zetu zote zimo kwenye alfabeti ya kawaida ya GSM, kwa hiyo SMS moja inabeba herufi 160. Lakini mwenzangu aliandika orodha ya bei kwenye programu ya maandishi ya kompyuta, na ile alama iliyo kati ya ng na o kwenye neno ng'onda ikageuzwa kuwa iliyopinda. Alama iliyopinda haimo kwenye alfabeti ile. Ujumbe mzima ukahamia mfumo wa baiti mbili kwa kila herufi, ambao SMS yake moja inaishia herufi 70. Ujumbe wetu ulikuwa na herufi 92, ukawa SMS mbili, na kikundi kikalipia mbili mwezi mzima. Ng'onda, ng'ombe, ng'ambo: alama ya maneno haya iwe ile iliyonyooka.

Kuhusu funguo, yaani namba za siri zinazoruhusu kuweka programu kwenye laini, sitasema mengi ila nasema kwa uzito. Laini ya mteja ni ya kampuni ya simu, na bila funguo zake huingizi kitu humo. Msitafute njia ya uchochoroni. Mwaka 2013 Karsten Nohl, mtafiti wa usalama wa Ujerumani, alionyesha kwamba laini zilizokuwa bado zinatumia DES, njia ya zamani ya kuficha data, ziliweza kuvunjwa kwa SMS, na hiyo ni laini ambayo mtu anapokelea pesa zake.

Kujifunza hakuhitaji laini ya mtu. Nunueni kadi za majaribio zinazokuja na funguo zake, kama zile za kampuni ya sysmocom ya Berlin, na kisomaji cha kadi cha USB. Programu ya pySim, ya kusoma na kuandika kadi hizo kwa kompyuta, ni ya bure. Kadi hizo hazitashika mtandao wa hapa nchini, lakini menyu itatokea kwenye kitochi. Kila kadi ina ufunguo wake wa ADM, yaani wa msimamizi wa kadi. Niliwahi kusoma mstari usio wake kwenye karatasi ya funguo, nikakosea mara tatu, kadi ikajifunga isifunguke tena. Bandikeni namba kwenye kila kadi kabla ya kuitoa kwenye bahasha.

Zoezi la kwanza: menyu yenye kitu kimoja, ikiulizia kilo. Ikifanya kazi, bonyezeni kitufe cha kurudi, kisha iacheni bila kujibu mpaka ijifunge, kisha izimeni simu katikati. Njooni na baiti mlizozipata kila mara, tuzisome pamoja.