Fundi Anajibu: RTX ya mpakato na ya mezani, jina moja nguvu mbili

Ujumbe wa wiki hii karibu wote umekuja na malalamiko ya aina moja: nimenunua kadi ya picha ya Nvidia (RTX) yenye jina kubwa, mbona haikimbii? Nimechukua maswali matano.

Shikamoo fundi. Nilijibana mwaka mzima nikanunua kompyuta mpakato yenye RTX 4070. Binamu yangu ana kompyuta ya mezani, nayo ina RTX 4070. Gemu moja, mipangilio ileile, lakini yeye anapata fremu (picha kwa sekunde) nyingi kuliko mimi. Nimeuziwa feki? – Temeke, Dar es Salaam

Marahaba. Feki haipo hapo. Kadi yako na ya binamu yako ni kama akina Juma wawili wa mtaa mmoja: wanaitika jina moja, baba tofauti. Ya mezani imejengwa kwa chipu ya AD104, ina viini (vitengo vidogo vya kukokotoa) 5,888 na kumbukumbu ya GB 12, na inaruhusiwa kula wati 200. Yako imetoka kwenye chipu ndogo zaidi, AD106, yenye viini 4,608 na kumbukumbu ya GB 8. Umeme wake unaishia wati 115, labda na nyongeza kidogo pale prosesa inapokuwa haina kazi. Hata njia ya kumbukumbu ni nyembamba, biti 128 kwa 192. Katika gemu mpya zenye picha nzito, hizo GB 8 ndizo zitakazokuumiza kabla ya viini.

Ukipanda ngazi, pengo linazidi. RTX 4090 ya mezani ina viini 16,384. Ya mpakato ina 9,728. Sasa hiyo 9,728 ndiyo idadi ya viini vya RTX 4080 ya mezani, na chipu ni ileile, AD103. Kwa hiyo aliyelipia mpakato wa 4090 amebeba 4080 iliyofungwa kidhibiti mwendo. RTX 5090 ya mwaka 2025 imeendeleza mchezo huohuo: 21,760 mezani, 10,496 kwenye mpakato.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Nvidia waliweka herufi M, kwa mfano GTX 980M (GTX ni ukoo wa kadi uliotangulia RTX), ukajua mapema kwamba hii ni ya kubebeka. Mwaka 2016 ulipoingia mfululizo wa GTX 10 wakaiondoa, na kusema kweli walikuwa na haki: GTX 1060 ilikuwa na viini 1,280 huku na huku. Baadaye pengo likarudi, herufi haikurudi. Siku hizi jina rasmi huongezewa maneno "Laptop GPU", lakini ukifika dukani muuzaji anayakata, na tangazo la mtandaoni linayakata pia.

Binamu asikutanie sana, hata hivyo. Kama nyote wawili mngekuwa na RTX 4060, mngelingana kwa karatasi, kwa sababu 4060 ya mezani na ya mpakato zote ni AD107, viini 3,072, GB 8. Mimi mtu akiniuliza anunue mpakato wa 4060 au wa 4070, na tofauti ya bei ni kubwa, humwambia achukue 4060 na chenji aongezee RAM.

Fundi, nimeona mipakato miwili yenye RTX 4060. Mmoja mwembamba mzuri, mwingine mnene kama tofali, na mnene ndio wa bei ndogo. Kuna ujanja gani? – Mombasa

Ujanja uko kwenye wati. Kadi hiyo kiwanda kinaruhusiwa kuipangia chochote kati ya wati 35 na 115. Mwembamba hauna nafasi ya feni kubwa wala mabomba ya kutolea joto, kwa hiyo mara nyingi hupangiwa kiasi kidogo. Kutoka 35 kwenda 80 utauona mruko kwa macho. Ukishavuka 100 faida ni ya kutafuta kwa tochi.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji auwashe, fungua paneli ya Nvidia kwenye sehemu ya taarifa za mfumo, soma mstari wa "Maximum Graphics Power". Akikataa kuuwasha, ondoka. Halafu kwa joto la Mombasa, chukua tofali. Liinue kwa nyuma feni ivute hewa, na usichezee kitandani. Godoro linaziba matundu, kadi inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Nikichomoa chaja gemu inakwenda kama inavuta mkokoteni. Betri imekufa? – Kisumu

Haijafa. Betri za mipakato mikubwa karibu zote huishia chini kidogo ya watt-saa 100, maana juu ya hapo mashirika ya ndege yanadai kibali. Kadi ikila 115 na prosesa 45, betri nzima isingemaliza saa moja, kama ingeweza kabisa kumwaga umeme kwa kasi hiyo. Ndiyo maana mashine inabana. Chomeka, na chomeka chaja yake yenyewe, si ile ndogo ya USB-C ya kazini.

Nahariri video za harusi. Umeme huku unakatika, na LUKU inaniumiza. Mpakato au mezani? – Mwanza

Kama unahariri ukumbini au safarini, hakuna mjadala, ni mpakato. Ukiwa nyumbani, fanya hesabu. Kompyuta ya mezani yenye RTX 4070 ikifanya kazi nzito inaweza kula wati 350 pamoja na monita; saa sita ni uniti 2 na zaidi kidogo. Mpakato wa wati 150 utatumia 0.9. Umeme ukikatika, mpakato unaendelea na una nafasi ya kuhifadhi kazi. Ya mezani inadai UPS (betri ya akiba), tena si ile ndogo ya kulindia ruta.

Jambo ambalo wahariri wengi hawalijui: kutoa video ya mwisho huweza kufanywa na kipande maalumu ndani ya kadi, wala hakitegemei viini vingapi unavyo. Kwa hiyo pengo la mpakato na mezani kwenye kazi yako ni dogo kuliko kwenye gemu, mpaka uanze kurundika athari (effects) na rangi. Ningekuwa wewe ningenunua mpakato, na monita nzuri ya pembeni.

Nina kompyuta ya ofisi ya mtumba. Naweza kuichomeka kadi ya nguvu? – Morogoro

Pima kwanza. Niliwahi kununua kadi nikafika nayo nyumbani, kasha likakataa kufunga. Nilikuwa sijapima urefu. Zile kompyuta nyembamba za ofisi zinataka kadi fupi ya nusu kimo, na pawa saplai yake huwa ndogo, bila waya wa ziada wa kadi. Tafuta kadi inayokula kutoka kwenye soketi ya ubao mama tu, isiyozidi wati 75: GTX 1650 za aina hiyo, au RTX 3050 ya GB 6 yenye wati 70. Ukiuziwa 3050, uliza ni ipi, kwa kuwa ya GB 8 ina viini 2,560 na ya GB 6 ina 2,304. Ndiyo, hata mezani wanachanganya majina.