Majina yanamchanganya kwenye riwaya za upelelezi

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili anapenda hadithi za upelelezi, ila akifika katikati majina yanamchanganya, anaacha. Nimsaidieje?
– Mama, Mikindani, Mtwara

JIBU: Mama, mpe nusu karatasi ya daftari akae nayo ndani ya kitabu. Upande mmoja aandike kila mhusika anapotokea: jina, ana uhusiano gani na marehemu, alidai yuko wapi siku ya tukio. Maneno matano yanatosha. Akianza kufupisha sura nzima itakuwa kazi ya shule, ataacha tena. Upande wa pili ni wa vitu (ufunguo, barua, saa iliyosimama) na namba ya ukurasa. Wengi hupotea kwa kumshuku mtu anayechukiza tangu mwanzo, na mwandishi kamweka pale makusudi. Zikibaki sura mbili, afunge kitabu aandike jina la muuaji, ndipo amalizie.

Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) wa Muhammed Said Abdulla: mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni. Kiswahili chake cha Unguja kitamsumbua kurasa za mwanzo, avumilie tu.